Samaki wa Madame Arpel: niliyowaambia vijana wa vichekesho kuhusu filamu ya Mon Oncle

Haya niliyaongea mbele ya vijana wanaojifunza kutengeneza vichekesho. Nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni, nimepunguza tu sehemu nilizojirudia.

Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu mambo vipi.

Nimeombwa niongelee komedi, ila komedi kwa ujumla kila mtu ana lake la kusema na jioni ni fupi, kwa hiyo mi nitaongelea filamu moja tu, ya Kifaransa, imetoka mwaka 1958, inaitwa Mon Oncle, yaani Mjomba Wangu, kaiongoza Jacques Tati na huyo mjomba mwenyewe kamuigiza yeye. Wengi wenu mliiona juzi hapahapa. Nilikuwa nimekaa pembeni nawasikia mnavyocheka, halafu nikamsikia mmoja kule nyuma anauliza, "sasa stori iko wapi?" Swali zuri sana lile na halina haja ya kuonewa aibu, na ndo nitakalolijibu leo, maana stori ipo, tena inauma, ila Tati kaificha mahali ambapo sisi hatujazoea kutafuta.

Kwa ambao hawakuwepo nieleze haraka. Kuna familia ya Arpel. Baba, Charles Arpel, ni bosi kwenye kiwanda kinaitwa Plastac, wanatengeneza mipira ya plastiki, ile mirefu kama ya kumwagilia maji. Mama yupo nyumbani anafuta vumbi asubuhi mpaka jioni, hata mume akitoka kwenda kazini bado anamkimbilia na kitambaa. Mtoto wao ni mmoja, Gérard, bado yupo shule ya msingi. Wanakaa kwenye mjengo wa kisasa haswa, kuta nyeupe, geti la umeme, bustani ya changarawe za rangi rangi, jiko linalofanana na hospitali. Mama ana kaka yake, Monsieur Hulot, hana kazi, hana mke, anakaa mtaa wa zamani, uswahilini kwao kule, juu kabisa ya nyumba moja ndefu ambayo ngazi zake huzielewi, unamuona tu anatokea dirisha hili, anapotea, anatokea lile, anashuka ili apande, na mtoto Gérard anampenda huyu mjomba kuliko kitu chochote kilichomo kwenye ule mjengo. Baba analiona hilo. Basi, filamu yote ni hapo.

Sasa tuje kwa samaki.

Katikati ya bustani ya Arpel kuna kibwawa, na kwenye kibwawa kuna samaki wa chuma kasimama wima, mdomo juu, anarusha maji. Kengele ya getini ikilia, Madame Arpel anakimbia kubonyeza swichi, samaki anaanza kutapika maji, ndo geti linafunguka. Akiwa mgeni wa maana, samaki anaendelea. Akiwa ni mume wake tu, au huyu kaka yake, au mtu kaleta mzigo, anazima. Maji yanakata palepale, yanabaki yanadondoka matone. Tati anarudia hiki kitu mara nyingi mno ndani ya filamu na kila mara ni kichekesho kipya, kwa sababu kila mara tunajifunza nani anahesabika mgeni na nani hahesabiki, na hakuna mtu yeyote aliyetamka neno. Hebu fikirieni ingekuwa ni maneno. Madame angelazimika kusema "huyu ni mtu mkubwa, huyu ni wa kawaida", na sisi tungemchukia hapohapo. Ila swichi haina roho mbaya. Tunamuona mama wa watu kakimbia na viatu vyake vinagonga kwenye mawe, kahangaika, kachelewa nusu sekunde, na tunamcheka huku tunamwonea huruma. Mi nadhani hiyo swichi ni moja ya vitu bora kabisa vilivyowahi kuandikwa kwenye komedi, na haina mstari hata mmoja wa maneno.

Mkiwa mnaandika skiti zenu naomba muikumbuke. Tafuta kitu kimoja, kifaa kimoja, ambacho mtu anakigusa, na tabia yake yote itoke hapo.

Kuna tukio jingine la bustani hiyohiyo. Njia ya kutoka getini kwenda mlangoni imepinda kama herufi S kwa sababu fundi wa bustani kaona ndo urembo. Anakuja mgeni, Madame anatoka kumpokea, wote wawili wameshanyoosha mikono kwa furaha, ooh karibu karibu, lakini hawawezi kufuata mstari ulionyooka maana wataharibu changarawe, basi wanafuata njia, na njia inawapeleka upande huu halafu upande ule, kuna wakati kila mmoja anamsalimia mwenzie huku kageukia kwingine kabisa. Watu wawili wanaotaka kushikana mikono, bustani imewakataza. Na kwenye ile sherehe yao ndo balaa, wageni wamealikwa, lengo la Madame ni kumkutanisha kaka yake na jirani yao mwanamke ili pengine aoe atulie, bomba la chini linatobolewa, maji yanaruka, samaki anaharibika, na wageni na nguo zao nzuri wanabeba viti na meza na sahani wanahama kona moja hadi nyingine, wanarukaruka kwenye yale mawe ya kukanyagia ili wasiguse nyasi. Hakuna anayesema tukae tu hapa. Hakuna anayesema tuzime hilo bomba twende ndani. Mwenyeji anatabasamu, mgeni anatabasamu, kila mtu anajitahidi kwa adabu zote kuufanya mchana uwe mzuri. Mi hapo huwa nacheka mpaka machozi, na nikimaliza kucheka naona kwamba hawa watu ni wema jamani. Arpel sio watu wabaya. Kaka wa mke wake hana kazi, anamtafutia kazi. Hana mke, wanamtafutia mke. Wanachotaka ni kumpa alichonacho Arpel, kwa sababu kwao hicho ndo kitu kizuri kuliko vyote.

Hapa ndo naona watu wengi wanaielewa vibaya hii filamu. Wanasema Tati alikuwa anapinga maendeleo, anataka watu warudi kwenye nyumba za zamani zenye nyufa. Tuangalie Ufaransa ilikuwaje wakati ule ndo tutajua alikuwa anasema na nani.

Vita imeisha 1945, nchi imechakaa, miji mingine imebomolewa. Miaka karibu 30 iliyofuata uchumi ukapanda kwa kasi mpaka baadaye mwanauchumi Jean Fourastié, mwaka 1979, akaipa jina la Miaka 30 ya Fahari, Trente Glorieuses. Watu wakaanza kununua. Kila mwaka pale Grand Palais mjini Paris kulikuwa na maonesho makubwa ya vifaa vya nyumbani, miaka ya 50 yalikuwa yanapokea watu zaidi ya milioni 1, watu wanapanga foleni kuangalia friji na majiko na mashine za kufulia. Mwaka 1953 ikaanzishwa kampuni ya Cetelem, kazi yake kukopesha watu pesa ya vifaa vya umeme vya nyumbani, unachukua leo unalipa kidogo kidogo. Mwaka 1956 kampuni ya Moulinex wakaleta mashine ndogo ya umeme ya kusagia kahawa, bei ambayo familia ya kawaida inaiweza. Kwa hiyo Tati anapopiga kamera kwenye jiko la Madame Arpel, watazamaji wake wengi hawana jiko kama lile ila wanaliota. Wameshaliona kwenye maonesho, kwenye magazeti. Anawaonesha ndoto yao wenyewe, imekamilika, kila kabati linafunguka lenyewe, na ndani yake kuna mjomba amesimama anatafuta glasi ya maji tu na hajui pa kuanzia.

Mnakumbuka lile tukio la jagi? Hulot yupo peke yake jikoni, jagi linamponyoka, anajiandaa kwa kelele ya kuvunjika, jagi linadunda kama mpira. Plastiki hiyo. Anashangaa, analidundisha tena, anafurahi kama mtoto. Kisha anachukua glasi, anaiachia nayo kwa makusudi aone itadunda vipi. Inapasuka. Angalieni jinsi alivyolijenga. Mwanzo kifaa kimemfundisha kitu, yeye kakiamini, na sekunde chache baadaye kifaa cha pembeni kinamwambia hapana. Nguvu ya tukio ipo kwenye ule udadisi wake, kwamba ndani ya nyumba nzima yeye peke yake ndo aliyecheza na kitu. Wenye nyumba wanavionesha vyombo vyao kwa wageni. Hulot anavijaribu.

Kwa hiyo hapana, hakuwa adui wa vitu vipya. Alichokuwa anakicheka ni vitu vikishika usukani, binadamu akawa anatembea anavyoelekezwa na njia ya bustani, anakaa kwenye kiti kinachomuumiza mgongo kwa sababu kiti kinapendeza. Usiku Hulot kalala kwao, sofa yao ya kijani imepinda ajabu huwezi kulala, anafanyaje, anaigeuza ubavu, inakuwa kitanda kizuri tu. Ile nyumba ingeweza kukaliwa vizuri kama wenyewe wangethubutu kuigeuza.

Na niseme na jambo ambalo filamu haikulisema, maana nikiisifia tu nitakuwa sijawatendea haki nyie. Ule mtaa wa zamani wa Hulot ni mzuri mno. Mfagia barabara hafagii, anapiga stori, kila akitaka kuanza kufagia anatokea mtu wa kusalimiana. Kuna baa, kuna soko, kuna muuza maandazi mikono michafu anayanyunyizia sukari na watoto wanayala kwa raha zote, muziki unapiga. Inavutia. Lakini kwa sensa ya Ufaransa ya 1954 ni karibu nyumba 1 tu kati ya 10 iliyokuwa na bafu la kuogea au beseni la kuoga, na zaidi ya theluthi moja hazikuwa na maji ya bomba ndani. Baridi ya mwaka huohuo watu walikufa barabarani kwa kukosa makazi, mpaka padri mmoja, Abbé Pierre, akaingia redioni tarehe 1 Februari 1954 kuomba mablanketi na msaada, nchi nzima ikatikisika. Mwanamke aliyekuwa anafua kwa mikono kwenye ule mtaa mzuri, anapanda ngazi na ndoo, yeye aliitaka mashine ya kufulia na alikuwa na haki ya kuitaka. Tati hamuoneshi huyo mama akihangaika. Wapo wahakiki waliolalamika kwamba anaililia Ufaransa ya zamani na mi nadhani kwa hapo wana pointi. Ila hata hivyo, angalieni tena mtaa wenyewe unavyoonekana, Tati anajua kwamba unaondoka. Filamu inaanza na majina ya waigizaji yameandikwa kwenye mabango ya saiti ya ujenzi, mashine inatoboa inapiga kelele, ndo baadaye jina la filamu linatokea limeandikwa kwa chaki kwenye ukuta wa zamani. Na kila Hulot anapotoka kwake kwenda kwa dada yake anavuka kiukuta kilichobomoka, kipo mpakani hapo, na mara moja akiwa anavuka tofali linadondoka. Anasimama, analiokota, analirudisha mahali pake. Ukuta umeshakufa, kila mtu anajua, yeye karudisha tofali. Sekunde chache tu hizo, na zinanipa ninachohitaji kujua kuhusu Hulot na kuhusu Tati pia.

Nani huyu Tati? Jina lake kamili Jacques Tatischeff, kazaliwa 1907 Le Pecq, nje kidogo ya Paris, upande wa baba wana asili ya Urusi. Ukoo wao ulikuwa na biashara ya fremu za picha na yeye akafundishwa hiyo kazi, akaikimbia, akacheza raga, halafu akagundua kwamba akiwaigiza wenzake wa timu watu wanaanguka kwa kicheko. Akaenda jukwaani kuigiza wanamichezo bila maneno, kipa, bondia, mcheza tenisi, mpanda farasi ambaye ni yeye mwenyewe na farasi ni yeye mwenyewe. Yaani kabla hajashika kamera alishakuwa na miaka mingi ya kuangalia miili ya watu inavyokwenda. Ndo maana Hulot anatembea vile, kainama mbele, koti la mvua, suruali inaishia juu ya soksi, kiko mdomoni, mwavuli. Rowan Atkinson, Mr. Bean wetu huyu tuliyekua naye kwenye TV, amesema wazi kwamba Hulot alimuathiri sana. Mkimjua mmoja mtamuelewa mwingine, japo mi naona tofauti ni kubwa: Bean anaharibu mambo ili apate anachotaka, Hulot hataki kitu, anaharibu kwa sababu anajaribu kusaidia. Kuna usiku anarudi kwa dada yake kimyakimya na mkasi, kavunja tawi la ule mmea waliouotesha ukutani, anataka aupunguze upande wa pili zilingane wasijue. Anakata, anakata. Arpel na mkewe wanasikia kelele, wanakuja kuchungulia kwenye madirisha mawili ya duara yenye mwanga, vichwa vyao vinatokea katikati, na ghafla nyumba nzima ina macho, mboni zinasogea kulia kushoto zinamtafuta.

Ile picha ya nyumba yenye macho ndo inayowekwa sana mitandaoni. Nyumba yenyewe ilikuwa seti, imejengwa kwenye studio za Victorine mjini Nice, mchoraji Jacques Lagrange ndo aliyemsaidia Tati kuibuni, wakimaliza ikabomolewa. Mtaa wa zamani walipigia Saint-Maur, kusini mashariki mwa Paris. Yaani kwenye filamu unatembea kwa miguu kutoka kwa mjomba hadi kwa dada, kumbe katikati yake kuna Ufaransa karibu nzima.

Sasa nataka niwape zoezi, na hili ni la maana kwenu kuliko historia. Chukueni tukio la asubuhi kwa Arpel, fumbeni macho, sikilizeni tu. Visigino vya Madame kwenye sakafu. Gauni lake linavyochakacha. Geti linavyonguruma. Mashine ya kuvuta vumbi, mashine ya kunyoa ndevu, swichi, swichi. Watu wanaongea lakini maneno yao yapo chini, yanamezwa. Tati alikuwa akishapiga picha anakuja kuitengeneza sauti upya, anachagua hiki kisikike hiki kisisikike, kama mtu anayeandika filamu mara ya pili. Kisha nendeni kwenye mtaa wa zamani, fumbeni tena. Akodiani, piano, mbwa, watu wanabishana bei, ndege. Kuna chiriku kwenye dirisha la jirani wa Hulot, na Hulot amegundua kwamba akifungua kioo cha dirisha lake kwa pembe fulani, mwanga wa jua unaruka unampiga yule ndege, na ndege anaimba. Akikisogeza kioo, ndege ananyamaza. Anakirudisha taratibu, ndege anaimba. Ndo anaondoka zake kakiacha palepale. Wekeni hilo dirisha na ile swichi ya samaki pembeni kwa pembeni. Vyote viwili ni mtu anagusa kitu na kitu kingine kinatokea mbali. Kimoja kimefanywa ili watu waone. Kingine hakuna anayeangalia.

Nyie mnaoedit kwenye simu, mnaweka muziki wa kuchekesha juu ya kila kitu, tafadhali mjaribu video moja tu bila muziki, sauti ya kiatu tu.

Na kamera yake msiisahau, kaiweka mbali. Karibu haendi kwenye sura ya mtu. Unaona fremu yote, watu watano sita wanafanya mambo yao na kichekesho kipo kona ya chini ambako hujaangalia, ndo maana mara ya pili unacheka mahali tofauti. Anakuheshimu, anaamini utaona mwenyewe.

Kiwandani sitakaa sana. Hulot kapewa kazi Plastac, kaambiwa aangalie mashine ya mipira, kasinzia, mashine imeanza kutoa mpira uliovimba vimba kama soseji, mita kwa mita, hawajui waupeleke wapi, wanaishia kwenda kuutupa majini. Inachekesha, ni kweli, ila vichekesho vya mtu na mashine kiwandani vilikuwepo tangu enzi za filamu bubu na hapo Tati anapita njia iliyokwishapitwa. Ninachokipenda hapo ni jambo dogo tu: wafanyakazi wakisikia bosi anakuja wanaanza kukimbia kimbia waonekane wana kazi. Ni samaki yuleyule.

Turudi kwa baba, maana niliahidi stori.

Ile gereji. Arpel kapata gari jipya kubwa la Kimarekani la rangi za kung'aa, na gereji yao imewekwa mlango wa umeme wenye jicho, ukipita mbele yake unafunguka wenyewe. Wanaingia mume na mke na gari lao, wamefurahi, na mbwa wao, yule mdogo mwenye mwili mrefu na miguu mifupi anayevalishwa kijikoti, anapita mbele ya lile jicho. Mlango unafunga. Wamo ndani. Wanamuita dada wa kazi aje apite mbele ya jicho awafungulie, na dada anaogopa umeme, anakataa, anakaribia, anarudi nyuma, anapiga kelele, na wao kule ndani nyuso zao zipo kwenye vidirisha wanambembeleza. Huku Madame siku zote anawaambia wageni kuhusu nyumba yake kwamba kila kitu kinawasiliana na kila kitu. Na Arpel kweli amefanya kila alichoambiwa baba mwema anafanya. Kafanya kazi, kajenga, kamnunulia mtoto treni ya kuchezea. Akirudi nyumbani mtoto hamkimbilii. Mtoto anamsubiri mjomba, kwa sababu mjomba atamshika mkono wataenda kule kwenye uwanja mtupu kwa wenzake, watakula yale maandazi yenye sukari na jemu, watacheza ule mchezo wao wa kumpigia mluzi mtu anayepita ili ageuke, ajigonge kwenye nguzo ya taa. Kuna jioni mtoto anarudi mchafu anacheka peke yake na baba anamuangalia tu. Wivu ule. Muigizaji Jean-Pierre Zola kaucheza vizuri mno na watu hawamsemi kwa sababu wote wanamsema Tati.

Kwa hiyo Arpel anafanya alichojua kufanya, anamtafutia Hulot kazi ya mbali, mkoani huko, aende akawe mwakilishi wa kampuni. Anamfukuza kwa ustaarabu. Wanampeleka uwanja wa ndege, Hulot anapotelea kwenye watu, na Arpel anataka kumuita, amekumbuka kuna kitu cha kumwambia, anapiga mluzi. Mtu mmoja pale anageuka kuona nani kapiga, anajigonga kwenye nguzo puu! Gérard anamuangalia baba yake. Baba anaona amefanya kosa, anajificha haraka nyuma ya gari na mtoto anajificha naye, na mkono wa mtoto unaingia kwenye mkono wa baba.

Ndo stori hiyo, wewe uliyeuliza kule nyuma. Ilianza dakika ya kwanza na imefika hapo, baba amepata mtoto wake, na amempata kwa mchezo wa yule aliyemfukuza, na hakufanya makusudi. Tati hamuoneshi Hulot akirudi. Hapati shukrani, hajui hata kilichotokea. Kwa dairekta mwingine hapo ingewekwa violini na kukumbatiana. Yeye kaacha mkono kwa mkono na gari limeondoka. Na nyie mkitaka kumcheka tajiri, bosi, baba, mama mwenye nyumba ya maonesho, fanyeni hivi: mcheke muda wote, halafu mpe kitu mwishoni ambacho kweli alikuwa anakihitaji. Mtazamaji mwenye sofa kama ya Arpel ataipenda video yako badala ya kukutukana, na usiku ataiangalia sofa yake.

Dunia iliipokea vizuri. Tamasha la filamu la Cannes 1958 wakaipa tuzo maalumu ya majaji, mwaka uliofuata ikachukua Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni, na alipoenda Marekani Tati alikutana na wazee wake wa kazi, wakongwe wa vichekesho vya filamu bubu, Buster Keaton, Harold Lloyd, Mack Sennett, ipo picha yao wamesimama pamoja. Pesa na sifa hizo zote akaziingiza kwenye filamu iliyofuata, Playtime, akajenga mji mzima wa majengo ya vioo pembezoni mwa Paris, ikachukua miaka, ikatoka 1967, ikamfilisi. Alipoteza nyumba yake, akapoteza haki za filamu zake mwenyewe. Akafariki 1982. Inaniumiza kila nikiisimulia, maana Playtime leo wanaiweka kati ya filamu kubwa kabisa kuwahi kutengenezwa, na aliyeitengeneza hakuipata hiyo faida.

Mmoja aliniuliza kabla hatujaanza, aanzie wapi. Anza na filamu yake ya 1953, Les Vacances de Monsieur Hulot, yaani Likizo ya Monsieur Hulot, nyeusi na nyeupe, hata ukiangalia kwenye simu utaielewa. Kisha rudi kwenye Mon Oncle mara ya pili, uangalie pembeni pembeni ya fremu badala ya kumfuata Hulot. Playtime usiiguse mpaka upate skrini kubwa, tafuta projekta, ukutani kwa mtu, popote, maana ilipigwa kwa mkanda mpana wa milimita 70, wa skrini kubwa, na kwenye simu wale watu wote wanakuwa sisimizi. Mkipata projekta mnitafute, nitakuja.